Mwongozo kamili wa kuwa mtaalamu wa tiba kwa vitendo: sifa, masomo na kazi yenyewe

Kufunga kifungo cha shati huchukua sekunde tatu kwa mtu ambaye mikono yake miwili inamtii. Aliyepata kiharusi na mkono mmoja ukalegea anaweza kuhangaika na kifungo hicho hicho robo saa nzima, jasho linamtoka, huku jamaa zake wamesimama pembeni wakitamani kumsaidia. Wakimfungia, leo atavaa. Kesho itabidi afungiwe tena, na keshokutwa vilevile. Mtaalamu wa tiba kwa vitendo huketi mbele ya mtu huyo, akaangalia vidole vinakwama wapi, kisha akatafuta njia ya kumfanya avae shati lake mwenyewe.

Nimeifanya kazi hii kwa miaka na nimesimamia wanafunzi wengi katika mafunzo ya kazini. Maswali ninayoulizwa na wanaotaka kuingia hayabadiliki: nisome nini, kwa muda gani, na nikimaliza nitafanya nini hasa? Nitayajibu kwa mpangilio ambao ningependa mtu angenipa mimi wakati naanza.

Hatua ya kwanza: lielewe jina

Wapo wanaoiita tiba kazi, na neno hilo huwapoteza wengi kwa kudhani ni habari ya ajira. Kazi inayokusudiwa hapa ni kila jambo linalojaza siku ya mtu: kuoga, kula, kwenda chooni, kuandika, kucheza, kulea mtoto, kufanya ibada, kuendesha biashara, hata kulala vizuri. Ugonjwa au ulemavu unapomkata mtu na mambo hayo, tiba yetu hujaribu kumrudisha kwayo, na huyatumia hayo hayo kama dawa.

Wazo hilo lina zaidi ya miaka mia moja. Machi 1917, watu wachache walikutana katika mji wa Clifton Springs, jimbo la New York, wakaunda chama cha kwanza cha taaluma hii Marekani. Mmoja wao, George Barton, alikuwa msanifu majengo ambaye maradhi yalikuwa yamemwacha amepooza upande mmoja, akajionea mwenyewe jinsi shughuli za mikono zilivyomwinua. Pamoja naye walikuwapo daktari wa magonjwa ya akili William Rush Dunton na Eleanor Clarke Slagle, aliyewafundisha wagonjwa wa akili kupanga upya siku zao kwa mazoea yenye mpangilio. Kwa hiyo afya ya akili haikuongezwa baadaye katika taaluma hii, bali ni sehemu ya mzizi wake. Shirikisho la Dunia la Wataalamu wa Tiba kwa Vitendo, linalofahamika kwa kifupi WFOT, liliundwa mwaka 1952.

Watu hutuchanganya na wenzetu wa fiziotherapia, na ni kweli mipaka yetu hugusana. Mfiziotherapia atashughulika zaidi na nguvu za misuli, viungo, mizani ya mwili na hatua za kutembea. Mimi nitauliza hatua hizo zinampeleka mtu wapi. Akishaweza kusimama, nitaingia naye bafuni nione atavukaje kizingiti, ndoo au bomba liko wapi, na sabuni ikianguka ataiokotaje.

Hatua ya pili: jipime kabla ya kuomba chuo

Tafuta ruhusa ya kukaa siku mbili au tatu katika kitengo cha utengamao, yaani kinachowasaidia wagonjwa kurudia uwezo wao, ukiangalia tu. Ni ushauri ninaousisitiza kuliko wowote katika mwongozo huu. Siku hizo zitakuonyesha mambo ambayo kipeperushi cha chuo hakiandiki: kwamba sehemu kubwa ya kazi hufanyika karibu na choo, bafu na kitanda, kwamba utawainua na kuwahamisha watu wazima, kwamba maendeleo huhesabiwa kwa wiki na miezi.

Jichunguze hasa katika jambo moja. Ukimwona mtu anahangaika, mikono yako hukimbilia kumfanyia? Huo ni wema, ila hapa utabidi kuudhibiti. Mtaalamu mzuri huweza kukaa kimya dakika tano akimtazama mgonjwa anajaribu, akakosea, akajaribu tena, na akaingilia pale tu panapohitajika. Wanafunzi wenye akili sana darasani nimewaona wakishindwa hapo, na wengine wa alama za kawaida wakang'ara kwa sababu walijua kungoja.

Unahitaji pia ubunifu wa vitu vidogo. Kijiko chenye mpini mwembamba hakishikiki kwa mwenye vidole vigumu. Zungushia sponji au kitambaa uufanye mnene, na mtu anakula mwenyewe. Kama wazo la namna hiyo linakufurahisha, uko mahali pako.

Hatua ya tatu: masomo ya kuingilia na chuo

Biolojia ndiyo nguzo. Vyuo vingi huongeza kemia au fizikia, na lugha ya kufundishia lazima uimudu vizuri kwa sababu utaandika ripoti maisha yako yote. Saikolojia na sosholojia, kama shule yako inazo, zitakusaidia.

Kiwango cha elimu hutofautiana kwa nchi. Zipo zinazompa mtu leseni kwa stashahada ya miaka mitatu, na nyingi zinataka shahada ya miaka mitatu au minne. Marekani tangu 2007 haikubali kiwango cha chini ya shahada ya uzamili kwa anayeanza. Kuna pia ngazi ya msaidizi wa tiba kwa vitendo, ambaye husoma muda mfupi zaidi na kufanya kazi chini ya usimamizi. Kwa mwenye uwezo mdogo wa ada, hiyo ni njia ya heshima ya kuingilia.

Kabla ya kulipa hata ada ya fomu, kiulize chuo mambo manne. Je, programu yao inatambuliwa na baraza la usajili la nchi? Imeidhinishwa na WFOT? Wanafunzi hufanya mafunzo ya kazini katika vituo gani, na nani huwasimamia? Kisha uliza wahitimu wa miaka miwili iliyopita wako wapi. Swali la WFOT wengi hulipuuza kwa kuwa hawafikirii kuondoka nchini kwao, lakini ukija kutaka kufanya kazi nchi nyingine, shahada kutoka programu iliyoidhinishwa hukupunguzia vikwazo vingi. Idhini hiyo peke yake haikupi leseni popote. Ni ushahidi tu kwamba mafunzo yako yalifikia kiwango cha chini cha kimataifa.

Darasani utasoma anatomia, na mkono utausoma kwa undani ambao utakushangaza. Utasoma fiziolojia, mfumo wa neva, ukuaji wa mtoto, saikolojia, magonjwa ya mwili na ya akili, jinsi mwili unavyojongea, utengenezaji wa splinti (kifaa kigumu kinachoshikilia kiungo mahali pake), mbinu za utafiti na maadili ya kazi. Wanafunzi hulalamika kuhusu somo la uchambuzi wa shughuli wakiliona jepesi mno. Msilidharau, na hapo chini nitaonyesha kwa nini.

Hatua ya nne: saa 1,000 za mafunzo ya kazini

Viwango vya chini vya WFOT vinataka mwanafunzi akamilishe angalau saa 1,000 za mafunzo na watu halisi, chini ya usimamizi, kabla hajahitimu. Saa hizo zigawanywe katika mazingira tofauti: watoto na wazee, maradhi ya mwili na ya akili, hospitali na majumbani.

Zilinde saa hizo. Weka daftari lenye tarehe, kituo, idadi ya saa, aina ya kazi na sahihi ya msimamizi, halafu ubaki na nakala yako. Baraza la usajili la nchi nyingine linaweza kuzihitaji kumbukumbu hizo miaka kumi baadaye, na nimewahi kumwona mhitimu aliyeshindwa kukamilisha maombi kwa sababu kituo kimoja hakikuwa tena na kumbukumbu zake. Usimwachie mtu mwingine kabati la maisha yako.

Ukiwa kituoni, omba kuonyeshwa makosa yako siku hiyo hiyo. Msimamizi anayesubiri ripoti ya mwisho ndipo akueleze ulikosea wapi hakusaidii, na una haki ya kumwambia hivyo kwa adabu.

Hatua ya tano: usajili na leseni

Cheti cha chuo hakikuruhusu kumgusa mgonjwa. Katika nchi zenye sheria ya taaluma hii, lazima usajiliwe na baraza au mamlaka husika, na mara nyingi jina la kazi lenyewe linalindwa: asiyesajiliwa haruhusiwi kujiita hivyo. Andaa cheti na matokeo ya masomo, kumbukumbu za saa za mafunzo, kitambulisho, na barua ya mwenendo mwema au ukaguzi wa polisi. Baadhi ya nchi huongeza mwaka wa utarajali, nyingine mtihani. Marekani mhitimu hufanya mtihani wa taifa wa NBCOT, bodi inayothibitisha wataalamu wa tiba hii, kisha huomba leseni ya jimbo. Uingereza husajiliwa na HCPC, baraza la taaluma za afya, na kuhuisha usajili kila baada ya miaka miwili.

Baada ya hapo mabaraza mengi hudai mafunzo endelevu. Weka faili lake tangu mwezi wa kwanza.

Kazi yenyewe, kuanzia rufaa hadi kuagana

Mgonjwa huletwa kwa rufaa ya daktari, muuguzi, mwalimu, au hujileta mwenyewe. Soma faili kwanza: utambuzi wa ugonjwa, upasuaji, vitu alivyokatazwa, dawa, mifupa isiyoruhusiwa kubeba uzito. Halafu funga faili na uongee na mtu.

Mahojiano ya kwanza ni moyo wa kazi. Muulize siku yake ilikuwaje kabla ya ugonjwa, tangu anaamka hadi analala. Muulize ni jambo gani analolitaka kwanza, kisha uliheshimu jibu hata kama wewe ungechagua jingine. Kuna kipimo kilichobuniwa Kanada, COPM, ambacho humwacha mtu mwenyewe ataje shughuli zinazomsumbua, azipe alama 1 hadi 10 kwa umuhimu, kisha kwa jinsi anavyozifanya na anavyoridhika. Mabadiliko ya alama 2 au zaidi huhesabiwa kuwa ya maana. Nakipenda kwa sababu humweka mgonjwa kwenye kiti cha mwamuzi.

Kisha mtazame akifanya. Watu hujieleza kuwa wanaweza kumbe hawawezi, na wengine hukata tamaa ilhali bado wana uwezo. Vipimo vya alama vipo, kama Barthel, kinachopima shughuli 10 za kujihudumia kwa alama 0 hadi 100, lakini alama hazitakuambia kwa nini.

Hapo ndipo uchambuzi wa shughuli unapolipa. Chukua kupiga mswaki. Mtu lazima akumbuke kwamba ni wakati wake, afike kwenye sinki, asimame au aketi bila kuyumba, autambue mswaki katikati ya vitu vingine, ashike dawa kwa mkono mmoja na kufungua kifuniko kwa mwingine, akamue kiasi kinachofaa, ainue mkono hadi mdomoni, azungushe kifundo, afike pande zote, ajue wakati wa kuacha, na ateme. Mgonjwa anayeshindwa anaweza kuwa amekwama popote humo. Anayepiga mswaki upande wa kulia tu pengine hana tatizo la mkono hata kidogo. Jeraha la upande wa kulia wa ubongo linaweza kumfanya asiutambue upande wake wa kushoto, naye hajui kwamba hajui. Anayesugua bila kuacha ana tatizo jingine, na anayeshindwa kukamua dawa jingine tena. Ukiwapa wote zoezi moja la vidole, utakuwa umewapotezea muda wawili.

Baada ya hapo andika lengo pamoja naye. "Kuboresha uwezo wa mkono" si lengo, kwa sababu hakuna atakayejua limefikiwa lini. Andika hivi: ndani ya wiki 4 atavaa shati la vifungo akiwa ameketi kitandani, bila msaada, kwa dakika zisizozidi 10. Hilo mgonjwa, jamaa na bima wote wanalielewa.

Tiba ina njia tatu, na mara nyingi zote hutumika pamoja: kurudisha uwezo uliopotea, kubadili namna ya kufanya, na kubadili mazingira au vifaa. Kwa kiharusi, kwa mfano, mkono dhaifu hufanyishwa kazi yenye maana mara nyingi kadiri iwezekanavyo. Wakati huo huo mtu hufundishwa kuanza kuvaa kwa mkono ulioathirika na kuvua kwa ule mzima, jambo dogo linaloondoa nusu ya mapambano. Jamaa hufundishwa wasimvute kwa mkono uliolegea wanapomwinua, maana bega lisilo na misuli ya kulishikilia huteguka na maumivu yake hudumu.

Mazingira ni eneo ambalo wataalamu wapya hulipa uzito mdogo. Nenda nyumbani kwa mtu ukiwa na futi kamba. Mlango uwe na upenyo wa takriban sm 80 ili kiti cha magurudumu kipite. Kukigeuza mduara kamili huhitaji nafasi ya karibu sm 150. Njia ya mteremko iwe ya 1 kwa 12, yaani kila sm 10 za kupanda huhitaji sm 120 za urefu. Mafundi wengi huijenga kali mno na mtu hushindwa kuipanda. Kiti chenyewe lazima kipimwe. Kikiwa kipana sana mtu huinama upande, na kina cha kalio kikizidi huteleza mbele. Acha nafasi ya sm 5 hivi kati ya ukingo wa kiti na nyuma ya goti. Asiyehisi makalio yake afundishwe kujiinua au kuegemea ili kupunguza mgandamizo kila dakika 15 hadi 30, kwa sababu kidonda cha mgandamizo kinaweza kumrudisha hospitali kwa miezi.

Kila ulichofanya kiandike siku hiyo hiyo. Na siku ya kuagana isimjie mgonjwa kwa ghafla: ianze kutajwa mapema, pamoja na mpango wa nani atamsaidia nini na lini utapiga simu au kurudi kumwona.

Maeneo ya kubobea

Kwa watoto, kazi yao kubwa ni kucheza, kwa hiyo tiba huonekana kama mchezo, na wazazi hujiuliza wanalipia nini. Waeleze. Mtoto mwenye mtindio wa ubongo anayefikia mdoli juu ya rafu anafanyia kazi kiwiliwili, bega, jicho na ushikaji kwa pamoja. Utawafundisha wazazi namna ya kumlisha akiwa ameketi wima badala ya kulala chali, ili asipaliwe. Kwa mtoto mwenye usonji utachunguza sauti, mwanga na miguso inayomtaabisha, kisha utapanga siku yake ieleweke. Shuleni utazungumza na mwalimu kuhusu urefu wa kiti na meza kabla ya kulaumu mwandiko.

Kliniki ya mikono ni ulimwengu wake. Splinti hukatwa kwenye plastiki inayolainika katika maji ya moto na kufinyangwa juu ya mkono. Mkono uliovimba au kuungua kwa kawaida huwekwa kifundo kimeinuka kidogo, vifundo vya mwanzo wa vidole vimekunjwa na vidole vyenyewe vimenyooka, ili kano zisijifupishe. Mgonjwa asiondoke kabla hujaivua splinti baada ya dakika 20 hadi 30 na kuangalia ngozi. Alama nyekundu isiyofifia ina maana splinti irudi mezani.

Katika afya ya akili, mtu anayetoka katika sonona kali huenda hana udhaifu wowote wa misuli, ila siku yake imevunjika. Tunaanza na jambo moja dogo kwa saa maalumu, tunaongeza la pili, tunajifunza pamoja ni lipi linampa nguvu na ni lipi linamnyonya. Ni kazi ya polepole, na naiona kuwa miongoni mwa zenye thamani kubwa tulizonazo. Wapo pia wanaobobea kwa wazee, wenye upotevu wa kumbukumbu, majeruhi wa uti wa mgongo na watu wanaorudi makazini.

Mipaka na usalama

Usibadili dawa, usiondoe plasta bila idhini, usimsimamishe aliyevunjika mfupa kabla hujajua anaruhusiwa uzito gani. Omba ridhaa kabla ya kila tendo, hasa bafuni na chooni, na umfunike mtu sehemu usiyohitaji kuiona. Mtoto naye aelezwe kwa lugha yake.

Kuna dharura moja ambayo kila anayefanya kazi na majeruhi wa uti wa mgongo lazima aikariri. Kwa aliyeumia kuanzia usawa wa pingili ya sita ya kifua kwenda juu, kichwa kinachouma ghafla kwa nguvu, uso kuwa mwekundu na jasho jingi vinaweza kumaanisha shinikizo la damu limepanda kwa hatari. Mketishe wima mara moja, legeza nguo na mikanda, ita msaada wa daktari, na tafuta chanzo. Mara nyingi ni kibofu kilichojaa au mpira wa mkojo uliojikunja.

Kuomba kazi na miezi ya kwanza

Hospitali, vituo vya utengamao, shule, makao ya wazee, mashirika ya watu wenye ulemavu na viwanda huajiri. Katika wasifu wako taja maeneo uliyofanyia mafunzo, aina za wagonjwa na vipimo unavyovimudu. Kwenye usaili tarajia kupewa kisa na kuulizwa utaanzia wapi. Anzia kwa mtu anachotaka, kisha usalama, kisha tathmini. Usikimbilie kutaja mazoezi.

Uliza nani atakuwa msimamizi wako. Nafasi yenye mshahara mzuri ambayo utakuwa peke yako tangu siku ya kwanza ningemshauri mhitimu mpya aikatae kama hali yake inamruhusu. Kama haimruhusu, atafute mtaalamu mzoefu wa kuongea naye kila wiki, hata kwa simu, bila kutaja majina ya wagonjwa. Na kwenye mfuko wa koti uwe na futi kamba, kalamu mbili, mkasi na kipande cha sponji cha kunenepeshea mpini.